Msomi Aliyepima Salamu

Mwaka ule jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alinunua lori jipya. Lilikuwa la kijani, na kila asubuhi alilipasha moto kwa muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji, huku yeye amesimama kando na kikombe cha chai mkononi. Tajiri yangu aliyatazama hayo kwa siku kumi kutoka kizingitini mwa duka letu. Siku ya kumi na moja aliniita.

"Karani, yule ana lori. Sisi tutakuwa na nini?"

Nikamkumbusha kuwa tulikuwa na mizani mipya.

"Mizani haipigi honi," akasema.

Hayo yalikuwa ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, pale Sumbawanga mjini. Tajiri yangu alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Ujiji, na duka alilirithi kwa baba yake. Tuliuza chumvi, khanga, majembe, mafuta ya taa na dagaa waliopanda kutoka Kabwe ziwani. Tulinunua mahindi na ulezi wa wakulima wa uwanda wa juu, wengi wao Wakatoliki kama mimi. Mimi ni Mfipa wa upande wa Mpui. Nilisoma misheni, nikaajiriwa kupima nafaka, kuandika barua, na kubeba lolote ambalo lilikuwa halijapata mbebaji. Tena nilikuwa na daftari langu mwenyewe, ambamo niliandika kila jioni yaliyotokea mchana. Mke wangu alisema ni ugonjwa. Yumkini. Lakini haya ninayoyaeleza sikuyaokota kichwani, yamo daftarini.

Basi, shemeji yake tajiri alifika kutoka Kigoma akaleta habari mpya. Katika miji mikubwa ya Kenya na Uganda, alisema, wafanyabiashara wakubwa huajiri vijana wa chuo kikuu wanaosomea biashara wakati wa likizo yao ndefu. Huwalipa mshahara, na vijana huwaonyesha makosa yao.

"Makosa yangu mimi naonyeshwa bure nyumbani," tajiri akamjibu.

Lakini wazo lilikuwa limeshaingia. Kwa siku mbili alikuwa akitazama lile lori na kutabasamu. Siku ya tatu akanikalisha niandike barua kwenda chuo kikuu kimoja nje ya nchi, maana sisi Tanganyika hatukuwa na chetu. Tuliomba kijana mmoja mwenye adabu, anayejua hesabu, asiyekunywa pombe. Tajiri aliongeza, "na mrefu kidogo." Nilimuuliza urefu unahusu nini. Akasema watu wamwone kutoka ng'ambo ya barabara.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, limeandikwa na mwalimu Mzungu wa masomo ya biashara. Lilikuwa la Kiingereza, nikamfasiria. Walikuwa na kijana mmoja, na masharti matatu. La kwanza, alipwe mshahara wa kweli kila wiki. La pili, apewe swali la kutafutia jibu, si magunia ya kubeba. La tatu ndilo lililokuwa kubwa: mwisho wa wiki sita kijana ataandika taarifa ya jambo moja alilojaribu kulirekebisha dukani, na mwajiri atatia sahihi kwamba yaliyoandikwa humo ameyaona kwa macho yake. Bila sahihi hiyo kijana haingii mwaka wa mwisho. Mwalimu akaeleza waziwazi kwamba huyu alishaikosa mara moja, kwa kuwa mwajiri wake wa kwanza aliugua akarudishwa kwao Uingereza kabla ya kutia sahihi. Akiikosa tena, masomo yake yatakuwa yamekwisha.

Tajiri aliniomba nirudie sharti la tatu.

"Kwa hiyo kalamu ni yangu," akasema, na ndevu zake zikatulia.

Kijana alifika mwezi wa sita, na asiyezijua Juni za Sumbawanga asiulize. Upepo unakata masikio. Alishuka kwenye basi akiwa na shati jeupe jembamba, tai ya bluu, na sanduku la mbao. Meno yalimgongana hivi kwamba nilidhani ananiambia jambo. Urefu alikuwa nao. Alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, mtoto wa karani wa reli, na alikuwa amesafiri siku tano. Tulikuwa tumekwisha kumwajiri kwa barua, lakini tajiri alisema hawezi kulisha mtu ambaye hajamhoji. Akamhoji papo hapo, mbele ya magunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Chuoni, mzee."

"Siulizi basi limetoka wapi. Wewe umetoka wapi?"

Kijana akaeleza baba, mama, babu, na reli. Tajiri akaitikia kila jina kama anayemposea binti.

"Ugali wa ulezi unakula?"

"Sijawahi kuuona, mzee."

"Unafanana na kiatu chako, ila ni mtamu. Haya. Umekuja kunifanyia kazi gani?"

"Bado sijajua, mzee. Kwanza nitatazama."

"Kwa muda gani?"

"Wiki moja."

"Nikulipe wiki nzima utazame?"

"Ndiyo, mzee."

Tajiri alinigeukia. "Karani, umeisikia kazi hii? Wewe ulipokuja ulibeba magunia."

"Na sasa hivi nabeba," nikasema. Ndivyo ilivyokuwa, gunia lilikuwa begani.

Mke wa tajiri ndiye aliyekata shauri. Alitokeza kutoka uani, akamtazama yule mtoto wa pwani anavyotetemeka, akasema kwamba mkimhoji zaidi mtaajiri maiti. Akamvika mtandio wake wa sufu. Wiki ile yote msomi wetu alikaa nyuma ya kaunta na tai ya bluu na mtandio wa maua. Jumamosi alipokea bahasha yake ya kwanza. Akanunua koti zito dukani kwetu, na mshahara ukarudi chini ya kaunta kabla haujapoa. Tajiri aliniambia kuwa sasa ameanza kuielewa faida ya wasomi.

Kutazama alitazama kweli. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya mizani, daftari gotini, saa ya mfukoni mkononi. Ilikuwa saa nzuri yenye mshale wa sekunde, aliyopewa na baba yake. Mtu akikanyaga kizingiti alitazama saa, na mtu akishika alichokuja kununua, au gunia lake likipanda mizani, alitazama tena. Kisha aliandika.

Hapa yafaa niseme salamu za kwetu zilivyo, kwa faida ya wasiozijua. Mfipa haingii mahali akasema "nipe chumvi". Huinama, akakunja viganja na kupiga makofi ya taratibu, yale yenye sauti ya ndani. Huulizia hali, nyumba, watoto, wazee. Akijibiwa huulizwa yeye, upya, mmoja mmoja. Hufuata shamba, mvua, mbuzi, na mgonjwa yeyote aliyetajwa mara ya mwisho. Juu ya hayo wengi walianza na "Tumsifu Yesu Kristo" wakiwa bado barabarani. Tajiri yangu, Mwislamu wa swala tano, aliwaitikia "Milele na milele, amina" bila kuinua macho. Nao hawakukosa kumwambia "Asalaam aleikum." Biashara yenyewe, baada ya hayo, ilikwenda upesi, kwa kuwa bei kila mtu alishaijua.

Mwisho wa wiki ya kwanza msomi akamwomba tajiri nafasi. Alisimama, akafungua daftari.

"Mzee, duka lako halina tatizo la bei wala la bidhaa. Lina tatizo la salamu. Mteja mmoja huchukua dakika nane. Sita kati ya hizo ni salamu."

"Sita!" Tajiri alifurahi kama aliyeambiwa ana mgodi. "Na yule wa ng'ambo?"

"Nimemtazama kutoka hapa. Yeye pia sita."

"Lakini hajui."

"Hajui, mzee."

"Alhamdulillahi."

Ikaamuliwa kwamba swali limepatikana: muda wa mteja mmoja ushuke kutoka dakika nane hadi nne. Ukishuka, tajiri atauona, atatia sahihi, na kijana atarudi chuoni. Wakapeana mikono. Nilikuwepo. Nilifikiri tu kwamba ni sawa na mtu kuahidi kupunguza baridi ya Juni.

Wiki ya pili wateja wakaanza kumwona. Mtu anayekuandika kila ukifungua mdomo si wa kupuuza, na katika siku zile kalamu na daftari vilikuwa na maana moja tu. Minong'ono ikapita kwamba ni mtu wa kodi, ametumwa kutoka boma kujua nani ana mbuzi wangapi. Siku mbili watu waliamkia kwa ufupi na kukana mbuzi wao wote. Muda ukashuka hadi dakika tano, na msomi akapiga mluzi.

Aliyeuharibu huo mluzi alikuwa bibi mmoja mjane wa njia ya Mpui, aliyekuja kila Alhamisi na ulezi wake kichwani. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakuna karani mjini asiyemwogopa. Siku hiyo alisimama nje, akamtazama msomi kwa muda, kisha akaniita pembeni na kuniambia kwa Kifipa.

"Baba, yule si mtu wa kodi."

"Umejuaje, mama?"

"Mtu wa kodi haandiki huku anatabasamu. Anaandika nini?"

Nikamwambia kweli. Nilisema, "Anaandika jinsi mnavyoamkiana."

Akafikiri. "Kwao hawaamkiani?"

"Wanaamkiana, mama. Ila haraka haraka."

"Maskini," akasema, akautua mzigo wake chini. "Na amesafiri kutoka mbali hivyo aje ajifunze."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na mimi ndiye niliyelipokea mikononi kama mkunga. Ningeweza kumwambia kwamba hakuja kujifunza, amekuja kuzipunguza. Lakini bibi alikuwa ameshaelekea dukani, na uso wake ulikuwa na huruma ambayo sikuwahi kuiona pale, hata siku ya bei nzuri. Nikauchukua mzigo wake nikamfuata.

Alhamisi iliyofuata walikuja wamejiandaa. Habari ilikuwa imetembea kutoka kijiji hadi kijiji kwamba pale dukani kuna mtoto wa watu, msomi kabisa, asiyefundishwa kuamkia, na ametumwa na wakubwa wake ajifunze kwa Wafipa. Nani atakataa kusaidia? Waliinama polepole ili aone. Walipiga makofi moja, mbili, wakasubiri penseli.

"Umeandika?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nimeandika, mzee."

"Pale pa mbuzi hukuandika. Nimekuona."

"Nitaandika sasa."

"Basi narudia."

Mwingine alikwisha kulipia jembe lake na kufika barabarani, akarudi mbio akipiga makofi. Alikuwa amesahau kuuliza habari za bibi yake msomi kule Dar es Salaam. Msomi akajibu kuwa hajambo. Akaulizwa miguu ya huyo bibi. Akajibu. Akaulizwa kama analima bado.

Jioni hiyo hesabu ilikuwa dakika kumi na moja kwa mteja mmoja.

"Kaka karani," akaniambia, akiishika saa sikioni kama inayomdanganya, "mbona inapanda?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Akainua mkono upesi.

"Hapana! Usiniambie. Wewe ni sehemu ya kinachopimwa. Ukiniambia nitaharibu kipimo."

Kwa hiyo kwa agizo la chuo kikuu nikafunga mdomo, na ninakiri kwamba halikunitaabisha agizo hilo.

Wiki ya nne akaja na dawa. Alikuwa amelala akiifikiri, alisema, na aliamka nayo. Tuliweka benchi nje, chini ya upenu, nami nikakaa hapo. Kila mteja aamkiane na mimi nje hadi amalize. Akiingia ndani iwe biashara tupu. Tajiri aliipenda sana dawa hiyo kwa kuwa ilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Jirani alisahau hata kupasha lori moto. Alisimama na chai yake akijaribu kuelewa karani anafanya nini kwenye benchi na foleni ya watu wanaoinama.

Wateja waliniamkia nje kwa ukamilifu. Kisha waliingia ndani wakamwamkia mwenye nyumba kupitia mlango wa chumba cha nyuma, alikokuwa akiota moto, upya, tangu mwanzo. Ungetarajia nini? Huwezi kumwamkia mtumishi mlangoni ukampita mwenyewe kama gogo. Na walipomaliza na tajiri walimgeukia mwanafunzi, kwa kuwa ndiye waliyemjia. Sasa tulikuwa na salamu tatu badala ya moja. Dakika kumi na nne.

Msomi aliliondoa benchi kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo hakula ugali. Mke wa tajiri alimuuliza kama ameugua, akasema hapana, mama, ni mwaka wangu wa mwisho tu.

Maneno hayo yalinichoma. Mzaha ulikuwa umeshaota mizizi. Nilikwenda kwa tajiri aliyekuwa, kama desturi yake miezi ya baridi, kwenye chumba cha nyuma karibu na jiko la mkaa. Nikamwambia mambo yanavyokwenda. Nikamwambia pia jambo ambalo mimi, mpimaji, nililiona kuliko yeyote: ua wetu ulikuwa umejaa ulezi. Watu waliokuja kumfundisha msomi hawakuja mikono mitupu, na akishamaliza kufundisha, nani atabeba tena mzigo wake avuke barabara? Tajiri alisema ni ile mizani mipya.

Wiki ya sita ikafika. Basi lilikuwa liondoke Alhamisi saa nne asubuhi, na lililofuata lingemfikisha chuo kimeshafunguliwa. Jumatano msomi alimaliza taarifa yake, mwandiko safi, kurasa kumi na mbili, na mchoro wa mstari ulioinama kidogo mwanzoni, kisha ukapanda kwenda kulia kama njia ya mlimani. Tajiri aliutazama mchoro.

"Huu mstari ndio muda?"

"Ndio, mzee."

"Mbona unapanda?"

"Kwa sababu uliongezeka."

"Nilikulipa wiki sita uniongezee?"

"Mzee, nimeandika kilichotokea."

Tajiri akaisukuma karatasi. "Hii itasomwa na Wazungu chuoni. Watasema kuna duka Sumbawanga ambalo mtu akienda kununua chumvi huchukua posho ya safari. Ugeuze mstari ushuke, nitie sahihi."

Nilimwona kijana anavyokunja na kukunjua mwisho wa tai yake. Sahihi ilikuwa mbele yake, umbali wa kalamu. Angeweza kuchora mstari mwingine kabla chai haijapoa, na hakuna mtu wa chuo ambaye angepanda basi siku tano kuja kuhakikisha.

"Siwezi, mzee," akasema. "Haukushuka."

"Basi nami siwezi. Sharti linasema nitie sahihi nilichokiona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na moto. Sikuona kushuka wala kupanda."

Wote wawili walikuwa wakweli. Kijana alikusanya kurasa zake. Kisha akanigeukia mimi.

"Kaka, kipimo kimekwisha. Sasa unaweza kuniambia."

Nikamwambia yote, tangu bibi na "maskini". Alinisikiliza bila kupepesa. Nilitegemea hasira, nami nilistahili. Alikaa juu ya gunia, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, kwa kuwa licha ya koti alikuwa ameuzoea. Halafu akaacha kucheka ghafla, kama aliyekumbuka kuna msiba.

"Mzee," akamwambia tajiri, "kesho ni Alhamisi. Basi ni saa nne. Kaa wewe kwenye kigoda changu tangu asubuhi. Chukua saa. Uone mwenyewe, kisha ufanye utakavyo."

Asubuhi yake tajiri alikaa. Nilimpa daftari, msomi akampa saa na kumwonyesha mshale. Sanduku la mbao lilikuwa limefungwa mlangoni. Watu watatu wa kwanza walikuwa wa mjini, wakanunua mafuta ya taa na kwenda zao. Tajiri akanitazama kama kusema, umeona? Ndipo akaja bibi. Nyuma yake walikuwa watu wa vijiji vitatu au vinne, maana walisikia mwanafunzi wao anaondoka.

Bibi alisema Tumsifu kutoka barabarani. Alikanyaga kizingiti, akaona nani amekaa kwenye kigoda na penseli, akasimama.

"Heee," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Leo ni wewe unayejifunza?"

Watu wakaguna kwa kicheko. Tajiri alinyanyuka nusu.

"Mama, mimi nipo hapa miaka yote..."

"Keti, baba. Tunajua. Miaka yote unajibu huku unatazama mizani. Tulisema labda ndivyo walivyolelewa huko Ujiji. Keti. Umeshika saa? Haya."

Akainama. Sijaona salamu kama ile kabla wala baada yake. Makofi yalikuwa na nafasi kati yao kama ngoma ya kanisani. Aliulizia mke, watoto wa tajiri kwa majina, waliooa na waliosafiri, shemeji wa Kigoma na kifua chake. Tajiri alijibu, na kila alipojibu kwa neno moja bibi alisubiri, viganja vimekutana, mpaka akapata la pili. Alipouliza habari za mama yake tajiri, aliyefariki mwaka uliotangulia, alitaja siku aliyokuja kutoa pole, na jinsi marehemu alivyompa chumvi mwaka wa njaa na kukataa kulipwa. Tajiri hakuwa analijua hilo. Aliweka penseli chini. Alisahau kabisa kwamba anapima.

Nje basi likapiga honi. Saa nne kasoro.

"Bibi," kondakta akaita kutoka mlangoni, "tunaondoka!"

"Nenda kamwambie dereva wako shikamoo yake sijaisikia," bibi akajibu bila kugeuka.

Kondakta akaenda. Dereva alikuwa kijana wa Mpui, akaja mwenyewe, akainama. Basi lilikuwa linanguruma peke yake barabarani na abiria wakichungulia madirishani.

Bibi alipomaliza, alimgeukia msomi aliyekuwa amesimama na koti lake na tai yake. Akamwambia, "Wewe tumekwisha kukufundisha. Tuone." Na msomi wa chuo kikuu, mtoto wa Dar es Salaam, akainama, akakunja viganja, akaanza. Alikosea pale pa mbuzi. Watu wote wakamsahihisha kwa pamoja.

Tajiri alitazama saa, akatazama ua uliojaa mizigo ya ulezi iliyotuliwa, akanitazama mimi.

"Muda gani?" akaniuliza polepole.

"Kumi na saba, tajiri," nikasema, maana nilikuwa nimeitazama saa ya ukutani. "Mmoja tu."

"Nimeona," akasema. "Wallahi, hiki nimekiona kwa macho yangu. Leta ile karatasi."

Alitia sahihi kwenye ngazi ya basi, karatasi ikiwa juu ya sanduku la mbao, kwa herufi zake za Kiarabu. Chini yake akaniamuru niandike kwa Kiingereza sentensi moja: kwamba muda uliongezeka, naye anathibitisha, na hana mpango wa kuupunguza. Nilimuuliza kama ana hakika na hiyo ya mwisho. Akasema niandike kabla honi haijalia tena.

Kuaga kulichukua muda wake. Dereva alizima injini kuokoa mafuta.

Barua ilikuja katikati ya masika, wakati barabara ya Tunduma ilikuwa tope na posta ikifika ilipoweza. Ilikuwa Alhamisi na duka limejaa. Mwandiko niliutambua, nikaichana bahasha na macho yangu yakakimbilia chini, kwa kuwa tangu siku ile sikujua kama chuo kilikubali taarifa yenye mstari unaopanda.

"Usichungulie," tajiri akasema. Hakuwa tena nyuma karibu na moto. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda. "Soma kuanzia juu, kwa sauti."

"Tajiri, ngoja kwanza nione kama amepo..."

"Salamu kwanza, karani. Huna adabu?"

Nikasoma. Alimsalimu tajiri, mke wa tajiri na mtandio wake, watoto kwa majina, shemeji na kifua chake. Alinisalimu mimi, mke wangu, na daftari langu. Alisalimu watu wa Mpui, mvua, mahindi, dereva wa basi. Ukurasa wa kwanza ukaisha hivyo. Bibi alikuwa ameegemea gunia lake, amefumba macho.

"Mbuzi amewaulizia?"

"Amewaulizia, mama. Mstari wa nne."

"Endelea."

Ukurasa wa pili, karibu na katikati, alikuwa ameandika kwamba mwalimu alisoma taarifa mara mbili, akauliza maswali mengi, akacheka, akampokea mwaka wa mwisho. Duka zima likapiga makofi, yale ya viganja vilivyokunjwa. Tajiri alijifanya anapangusa mizani.

Kisha akaniuliza nimesoma kwa muda gani kabla ya kufika penye habari. Nilikuwa nimeitazama saa ya ukutani, kwa mazoea. Nikamwambia dakika sita.

"Bado ana haraka," akasema bibi.